Ganda jembamba: pinot noir ilivyonirudisha kwenye mabibo

Bibo likidondoka alfajiri, jua likifika utosini limeshaanza kunuka. Mtu wa kusini hahitaji kuelezwa hilo. Nimekulia kwenye mikorosho, upande wa Ndanda wilayani Masasi, chini ya uwanda wa Makonde, na utoto wangu wote niliyakanyaga mabibo kama mtu anayekanyaga matope. Tulikuwa tunaokota, tunang'oa korosho, bibo tunalitupa palepale. Korosho ndiyo iliyolipa ada, ndiyo iliyoiezeka nyumba yetu kwa bati, ndiyo iliyompeleka mama Dar es Salaam alipougua. Mabibo tulikula mawili matatu tukishikwa na kiu, machache akayachukua shangazi kwa ajili ya uraka, pombe ya mabibo, mengine tukawaachia mbuzi na nzi. Na ukipima kwa uzito, bibo ni kama mara nane hadi kumi ya korosho inayoning'inia chini yake. Kila gunia tulilolipeleka ghalani kwa fahari, nyuma yake tuliacha shambani mzigo mkubwa mara kadhaa uoze.

Ili niyaone hayo mabibo, ilibidi kwanza nikae miaka minne kwenye zabibu.

Niliondoka nyumbani mwaka 2015, nikaenda Afrika Kusini kama walivyokwenda vijana wengi wa rika langu. Kazi niliyoipata ilikuwa kuosha vyombo kwenye hoteli moja ya Hermanus, mji wa pwani ulio mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Cape Town, ambako wageni huja kuangalia nyangumi wanaosogea karibu na miamba wakati wa baridi. Nyuma ya mji kuna bonde linaloitwa Hemel-en-Aarde, maana yake kwa Kiafrikaans ni Mbingu na Ardhi. Msimu wa mavuno ulipokaribia, mwenzangu wa jikoni akaniambia kuna familia inatafuta vibarua wa kuchuma zabibu. Nilikwenda nikijua ni kazi ya wiki mbili. Nilikaa misimu minne.

Ile familia ilikuwa ya watu watano na vizazi vitatu. Babu alikuwa mwenye shamba, tukimwita Oom, neno wanalomwitia mtu mzima kwa heshima kama sisi tunavyosema mjomba hata kwa asiye ndugu. Binti yake ndiye aliyekuwa mtengenezaji wa mvinyo. Mume wa binti alishika shamba na trekta. Bibi alishika hesabu na wageni, na mjukuu wa kiume, bado mwanafunzi, alikuwa anabandika lebo akirudi shule. Hapakuwa na meneja. Ukikosea, unamweleza mwenyewe, tena ananyoosha mkono muda huohuo kukuonyesha.

Walilima chardonnay kidogo, zabibu nyeupe, lakini moyo wao ulikuwa kwenye pinot noir, zabibu nyeusi asili yake Burgundy, Ufaransa. Haipendi joto kali. Inachipua mapema, kwa hiyo baridi ya ghafla inaweza kuiunguza, na vichala vyake vimebanana kiasi kwamba mvua ikinyesha vibaya, uozo unaanzia katikati usikouona. Pale bondeni inafaulu kwa sababu upepo wa Atlantiki unapanda kutoka baharini na kulipooza shamba hata mchana wa kiangazi. Oom alipenda kueleza kwamba Tim Hamilton Russell aliponunua ardhi humo mwaka 1975 akitaka kupanda zabibu za mahali pa baridi, hilo bonde halikuwa na jina lolote katika mvinyo. Leo linajulikana dunia nzima kwa hiyo zabibu moja.

Somo la kwanza nililipata siku ya kwanza, kabla ya saa mbili asubuhi. Tulianza kuchuma kungali giza ili zabibu ziingie ghalani zikiwa baridi. Nilikuwa na haraka. Nyumbani mtu wa kuokota korosho anasifiwa kwa wepesi, nami nilitaka nionekane mwepesi. Nilikuwa nakata kichala na kukirushia kwenye kreti. Yule binti alikuja bila kusema neno, akachukua kichala kimoja nilichokirusha, akachomoa tunda lililopasuka, akalikamulia pembeni, kisha akaniwekea ganda peke yake kwenye kiganja. Akaniambia nilisugue kwa dole gumba. Lilikuwa jembamba kama utando wa ndani wa kitunguu. Likabaki na rangi kidogo tu kidoleni, zambarau iliyofifia.

Akanieleza pale pale, tumeinama kwenye mstari. Maji ya zabibu nyeusi hayana rangi. Rangi inatoka kwenye ganda, na sehemu kubwa ya ule ukakasi unaokamata ulimi pia inatoka kwenye ganda na mbegu. Zabibu kama cabernet ina ganda nene, inatoa mvinyo mweusi mzito. Ukikosea kidogo, uzito unaficha. Pinot noir ganda lake ni jembamba, mvinyo wake mwekundu unaona vidole upande wa pili wa glasi. Haina pa kuficha kosa. Tunda lililopasuka kwenye kreti linaanza kuchacha lenyewe njiani, linaalika nzi, na hilo utalikuta kwenye chupa baada ya mwaka mzima. Ndiyo maana kreti zao zilikuwa fupi, zabibu zisilaliane zikakandamizana.

Nikafikiria bibo. Sikulifikiria kwa kina, lilinipitia tu. Bibo nalo ganda lake ni kama halipo.

Kutoka shambani, zabibu zilipita kwenye meza ya kuchambulia, sisi tukiwa tumesimama pande mbili, mikono inatoa majani, vichala vilivyoungua, tunda lenye ukungu. Kisha nyingi zilitolewa kwenye vikonyo na nyingine ziliachwa na kichala kizima. Zikakaa siku kadhaa kwenye matangi zikiwa baridi ili maji yanywe rangi polepole kabla ya uchachu kuanza. Hamira hawakuongeza. Walisubiri ile inayokuja na zabibu yenyewe na ile iliyokaa kwenye kuta za ghala. Kwangu hili lilikuwa jambo la kawaida kabisa, kwa sababu shangazi hajawahi kununua hamira ya uraka maishani mwake. Wageni waliotoka Ulaya kutembelea ghala walishangaa sana. Mimi nilinyamaza nikiwasikiliza.

Uchachu ukianza, maganda yanapanda juu na kutengeneza kofia nene, ngumu, yenye joto. Kofia hiyo isipozamishwa, inakauka na kugeuka siki. Kazi ya kuizamisha usiku ilikuwa yangu. Unasimama kwenye ubao uliopita juu ya tangi, unashika mti mrefu wenye kisahani mwishoni, unausukuma chini taratibu mpaka kofia inazama na maji yanapanda kwa povu la waridi. Taratibu, maana ukisukuma kwa nguvu mbegu zinapasuka na kutoa uchungu. Nilifundishwa pia nisiinamishe kichwa ndani ya tangi hata kidogo, kwa kuwa hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ni nzito, inajaa pale juu, na imewaua watu waliokuwa na uzoefu kuliko mimi. Nikimaliza, nilikuwa nakaa kimya nikisikiliza. Matangi yanayochacha yanatoa sauti kama mvua nyepesi kwenye majani makavu. Kila tangi lilikuwa na mwendo wake. Binti alikuwa akiingia saa sita usiku, anatega sikio, anasema lile la mwisho limechoka, liongezee gunia la joto. Nilidhani anatania mpaka tulipopima.

Jambo lililonibadilisha zaidi lilikuwa la vipande vya shamba. Shamba lao halikuwa kubwa, lakini lilikuwa limegawanywa vipande tisa, na kila kipande kilichumwa siku yake, kikachachushwa kwenye tangi lake, kikawekwa kwenye mapipa yake. Niliona ni kujisumbua. Mizabibu ni ileile, mmiliki ni yuleyule, kwa nini usichanganye? Oom akanichukua jioni moja kwenye mapipa, akanichotea kutoka mawili kwa bomba la kioo. Kipande cha juu, chenye mawe. Kipande cha chini, chenye udongo wa mfinyanzi. Vilichumwa kwa tofauti ya siku tatu tu, vikatengenezwa na mikono ileile. Cha juu kilikuwa chepesi, kikinukia kama matunda mabichi yaliyopondwa. Cha chini kilikuwa na uzito na harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Hata mimi, ambaye nilikuwa nakunywa mvinyo kwa mara ya kumi labda, nilizitenganisha macho yakiwa yamefumbwa.

Akanieleza ya Burgundy. Huko shamba la hatua mia linaweza kuwa na jina lake na mvinyo wake, ukivuka njia ya mkokoteni unaingia jina lingine. Waliochora mipaka mingi ya namna hiyo walikuwa watawa, hasa Wasistersiani, ambao abasia yao ya Cîteaux ilianzishwa mwaka 1098, na ambao ndio waliojenga ukuta wa shamba la Clos de Vougeot. Kwa karne nyingi walilima, wakaonja, wakaandika, wakawapokeza waliowafuata. Mwaka 1395 Mtawala wa Burgundy, Philippe le Hardi, alitoa amri ya kung'oa zabibu aina ya gamay, iliyokuwa inazaa sana, ili pinot noir ibaki. Na mwaka 2015, mwaka uleule niliotoka nyumbani, UNESCO iliviingiza vipande hivyo vya ardhi kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Nilipomwambia Oom kwamba nyumbani kwetu Ndanda wako wamonaki wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kanuni ileile iliyofuatwa na Wasistersiani, alifurahi sana. Akaniuliza: wanalima nini? Nikamwambia wana hospitali, wana shule, wana karakana, na pembeni yao sisi tuna korosho. Akaniuliza korosho inaota vipi. Nikamchorea kwenye vumbi la ghala: bibo juu, korosho inaning'inia chini kama ndoana. Akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Lile tunda la juu linanukaje?

Lazima niseme na hili la salfa, kwa sababu ndilo lililonirudisha nyumbani kwa kweli, kuliko lolote. Mwezi wa kumi na moja mmoja, mizabibu ikiwa kwenye maua, nilitoka asubuhi nikakutana na harufu ambayo nilisimama nayo. Walikuwa wanapuliza salfa. Zabibu ina ugonjwa wa unga mweupe kwenye majani na maua, na wakulima wa Ulaya wamekuwa wakiutibu kwa salfa tangu miaka ya 1850. Sisi tunauita ubwiriunga, unashambulia maua ya mkorosho, na dawa ni ileile, poda ileile ya njano. Kila mtoto wa Mtwara na Lindi ameamka kwa ngurumo ya ile mashine ya kupulizia, alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili poda ishike, na upepo ukiwa haujaamka. Nilisimama pale na macho yananiwasha kama yanavyoniwasha nyumbani mwezi wa saba, nikamwona baba na kitambaa chake puani. Nilikuwa na miaka mitatu sijamwona.

Nilirudi mwaka 2019, baada ya mavuno. Mguu wa baba ulikuwa umeanza kumshinda.

Msimu ule wa kwanza niliingia kwa pupa. Mwezi wa kumi mabibo yalipoanza kudondoka, niliokota kila nililoliona, ya jana, ya juzi, mekundu, ya njano, nikakamua nikajaza pipa la plastiki la lita mia nusu na kidogo, nikaongeza sukari, nikafunika na gunia, nikasubiri. Kule ghalani kwa miaka minne kazi yangu ya kila wiki ilikuwa kujaza mapipa. Mapipa yao ya mwaloni ya lita 228 yanapumua, mvinyo unapungua kidogo kidogo, na nafasi ikibaki juu hewa inaingia, bakteria wa siki wanafanya kazi yao. Nilikuwa nazunguka na jagi na taa kila pipa. Hilo nililijua kama ninavyojua jina langu. Lakini sikuliona kwenye pipa la plastiki chini ya mwembe. Lilikuwa la nusu, na lilikuwa kwenye joto la Masasi la mwezi wa kumi na moja. Baada ya wiki tano nilifungua, harufu ikanipiga usoni.

Shangazi alikuja, akachovya kidole, akasema, "Baba, hii ni siki. Tena nzuri." Akaipeleka yote kwake. Jirani yetu mmoja, mzee wa msikitini, alipopata habari kwamba imegeuka yenyewe alikuja na chupa mbili, akasema siki ya namna hiyo haina tatizo kwake, na mpaka leo anakuja kila msimu kwa ajili ya kachumbari. Tunamtengea.

Mimi nilikaa na hasara yangu jioni ile na shangazi akanihoji kama mtoto. Ulichukua yaliyolala chini siku ngapi? Yaliyochanganyika na mchanga? Yale mekundu ya bondeni umeyatia pamoja na ya njano ya kisimani kwa nini? Hayo ya bondeni yana ukakasi, sisi uraka wake tunaukunywa siku hiyohiyo, haulali. Ya kisimani yanaweza kulala. Nikamtazama. Alikuwa anaongea maneno ya Oom. Miaka arobaini alikuwa anatenganisha mikorosho kwa vipande, kila mti na tabia yake, na hakuna mtu katika familia yetu, mimi wa kwanza, aliyewahi kumuuliza.

Tangu siku hiyo shangazi ndiye mtengenezaji. Mimi ninapima na kuandika.

Baba hakukubali kirahisi, na alikuwa na sababu. Ili bibo lifae, lazima liokotwe saa ileile lilipodondoka, kila alfajiri, kabla halijapata jua na mchwa. Sisi tulizoea kuokota kila baada ya siku tatu, kwa sababu korosho haina haraka. Huwezi kulichuma bibo mtini kabla ya wakati, maana korosho itakuwa haijakomaa na utapoteza hela. Kwa hiyo ni lazima usubiri lidondoke lenyewe, kisha ukimbie. Baba alisema, "Mwanangu, unataka kuniamsha kila siku saa kumi na moja kwa ajili ya kitu cha kutupa?" Nikamwambia shikamoo yangu ya kila asubuhi nitaileta shambani, yeye alale. Nikaajiri vijana wawili wa jirani na tukanunua tochi za kichwani.

Kilichombadilisha baba hakikuwa mvinyo. Kilikuwa korosho. Korosho inayookotwa kila siku haikai kwenye bibo lililooza, haipati ukungu, ganda halibadiliki rangi, inakauka mapema. Msimu wa 2020 tulipopeleka mzigo kwenye chama cha msingi, kiasi kilichotengwa kwa sababu ya ubora kilikuwa kidogo kuliko msimu wowote anaoukumbuka. Baba alirudi na stakabadhi yake mkononi, akaiweka mezani, akanyamaza. Asubuhi yake nilimkuta amesimama mlangoni na fimbo yake na tochi.

Njia tunayotumia sasa ni hii. Tunaokota kwa ndoo ndogo zilizotandikwa majani ya migomba, bibo halirushwi. Lililopasuka tunalipeleka kwenye siki. Tunaosha kwa maji baridi ya chemchemi inayoshuka kutoka uwandani, tunakamua kwa mkono ndani ya kitambaa. Shangazi anakamua kwa kuzungusha, si kwa kuminya, anasema ukiminya unatoa ubishi wa bibo. Neno hilo, ubishi, ndilo analotumia kwa ukakasi, na siwezi kupata bora zaidi. Maji ya kwanza yanayotoka ni mepesi yenye harufu kali ya tunda, ya mwisho ni mazito yanayokausha ulimi. Tunayatenga.

Ukakasi wa bibo ni mwingi kuliko wa pinot noir. Shangazi zamani alikuwa anawapunguzia watoto kwa maji ya wali yaliyopoa, anachanganya kwenye maji ya bibo, anasubiri, vile vinavyokausha ulimi vinashikamana na wanga na kuzama, anamimina ya juu. Tukajaribu kwa uji mwembamba sana wa unga wa muhogo, ikawa safi zaidi. Kijiko kimoja kikizidi, mvinyo unakuwa bapa, kama maji ya sukari. Tumefika kwenye kipimo chetu kwa kuharibu madumu matatu.

Sukari ni suala lingine. Kule Hemel-en-Aarde walichuma pinot noir sukari ikiwa karibu asilimia 23, ikatosha yenyewe. Maji ya bibo yana kama nusu ya hiyo. Kila gramu 17 za sukari kwenye lita moja zinatoa takriban asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo ukiyaacha bibo peke yake unapata kama asilimia sita, na mvinyo wa namna hiyo haukai. Tunaongeza kidogo, kwa awamu, tukipima kwa haidromita niliyorudi nayo kwenye begi. Ninapenda siku moja nisiongeze chochote. Kwa sasa tunaongeza.

Joto lilinishinda zaidi ya yote. Kule walikuwa na mashine za kupoza. Hapa umeme ukikatika saa nne unakaa mpaka jioni. Tulichimba shimo ndani ya banda la udongo, tukazika madumu ya kioo hadi shingoni, tukayavika magunia yaliyoloweshwa. Juu ya kila dumu tumechomeka mpira wa dripu mpya kutoka duka la dawa, ncha yake imezama kwenye chupa ya maji. Hewa inatoka, haiingii. Usiku ukilala kwenye banda unaisikia ikibubujika, dumu baada ya dumu. Shangazi anakaa juu ya kigoda na kusikiliza. Siku moja akaniambia la tatu limepunguza mwendo. Sikutania naye. Nilikwenda kumwaga maji ya uvuguvugu kwenye gunia lake.

Tuna vipande vinne sasa, si tisa. Kisimani, ambako mikorosho ni ya babu na mabibo ni ya njano. Bondeni, mekundu. Njia ya Mwena. Na miti michache ya miche iliyoboreshwa kutoka Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa korosho nje kidogo ya mji wa Mtwara, ambayo inazaa mapema na mabibo yake ni makubwa. Nilitaka sana hiyo ya Naliendele ishinde, kwa kuwa mimi ndiye niliyeipanda. Kisimani inaishinda kila mwaka. Mvinyo wake una harufu ya bibo lililoiva ukiwa umelishika karibu na pua, na nyuma yake kitu kama majani ya mchaichai. Ule wa Naliendele ni mwingi na ni mtamu na unasahaulika.

Hatuuzi bado. Tunafuata taratibu za TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na nyumba ya mvinyo si banda la udongo, hilo tunalielewa. Tunatengeneza chupa zisizofika mia kwa msimu, kwa ajili ya Krismasi, harusi za ndugu, na Pasaka. Watu wameniambia gongo lingenilipa haraka zaidi. Gongo limekatazwa na sheria, na hata lisingekatazwa, moto unaua kila kitu ambacho shangazi amekiokoa kwa mkono wake. Ukichemsha maji ya kisimani na ya bondeni, yanatoka sawa.

Jambo ambalo halijanyooka ni la kukaa. Baada ya miezi minane rangi inaanza kwenda kahawia na ile harufu ya juu inapungua. Pinot noir ya Oom ilikuwa na miaka sita nilipoinywa usiku wa kuagana, na ilikuwa imefunguka kama chumba kilichofunguliwa dirisha. Nadhani bado hewa inaingia wakati wa kumimina kutoka dumu kwenda kwenye chupa. Msimu huu nitajaribu kujaza chupa kutoka chini kwa mpira mrefu, na kutumia madumu madogo zaidi ili pasibaki nafasi. Chupa kumi na mbili za kisimani za mwaka jana nimezizika kwenye mchanga mkavu chini ya kitanda cha baba, sehemu yenye ubaridi kuliko zote nyumbani. Yeye ndiye mlinzi wake, na haruhusu mtu azisogeze hata kufagia.

Huu ni mwezi wa saba. Mkorosho wa kwanza pale kisimani umeshatoa maua, meupe yenye mistari ya waridi, na jana nililiona jani moja lenye vumbi jeupe upande wa chini. Salfa imefika, mashine nimeitengeneza. Upepo wa kusi usipovuma kesho alfajiri tutapuliza.